Figiri za mama mkwe

Mwaka mzima wa kwanza sikujua kama tuna tatizo. Jumatatu asubuhi, kabla sijabandika chai ya wageni, nilikuwa nashuka stoo ya kuni na kuangalia geji ya presha ya boila inayopasha joto nyumba yetu ya wageni. Nikikuta mshale umelala kwenye sifuri nafungua koki, nasikia maji yakipita shwaa, mshale unapanda mpaka moja na nusu, nafunga. Dakika mbili tu. Nilikuwa nimeshaihesabu ni kazi ya nyumbani kama kumwagilia maua, na kwa jinsi ilivyokuja kudhihirika baadaye, sikuwa mbali na ukweli.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimeolewa Njombe, na kama hujawahi kulala Njombe mwezi wa saba, mablanketi mawili usiyaite mengi. Mji uko juu karibu mita 2,000. Kipupwe kikikolea, kuna asubuhi unaamka umande umeganda mweupe juu ya majani ya viazi, na jua likitoka majani yanageuka meusi kama yamebabuliwa na moto. Wenyeji wanaota jiko la mkaa. Wanajua pia kwamba jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua mtu usingizini bila hata kumkohoza, kwa hiyo kwenye nyumba ya wageni hilo halifikiriki kabisa.

Ndiyo maana tulipopata nafasi ya kununua nyumba ya Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, mume wangu hakuangalia paa wala msingi. Aliangalia rejeta. Zilikuwa nane, zimesimama chini ya madirisha, zinaunganishwa na mabomba ya kopa mpaka kwenye boila ya kuni iliyoko stoo. Unawasha kuni za miwati, maji yanapata moto, pampu ndogo ya umeme inayazungusha vyumbani, yanaacha joto kwenye rejeta, yanarudi kwenye boila yamepoa. Ni rejeta ya gari kwa kinyume: gari linataka kulitupa joto la injini, sisi tunalitaka lije chumbani.

Maji ni yaleyale. Hili nilielezwa siku ya kwanza na sikulisikia. Maji ya kupashia nyumba hayaogwi, hayanywewi, hayatoki. Yanazunguka tu ndani ya mabomba miaka na miaka. Sasa kama hayatoki, mimi kila Jumatatu nilikuwa naongeza ya nini?

Swali hilo nilijiuliza mwaka wa pili, mwezi wa sita, siku niliyokuta geji iko sifuri Jumatatu na Alhamisi tena. Nikaita fundi bomba wa mjini. Kijana mchangamfu, ana begi zuri la spana. Akasema maji yanavuja chini ya sakafu, hakuna ubishi. Tukafumua vigae vya korido, mita tatu nzima. Pakavu kama unga. Tukapita rejeta moja moja na karatasi laini za chooni, tunafuta kila nati, tunaangalia kama karatasi inalowa. Hailowi. Fundi akakuna kichwa, akachukua laki na nusu yake, akasema nimwangalizie kwa wiki moja.

Aliyejua maji yanakwenda wapi alikuwa mama mkwe, na hakuna aliyemuuliza.

Anaishi nyumba ndogo ya nyuma, na ana bustani yake upande wa stoo. Mwezi wa saba Njombe hakuna mvua, kila mtu mboga zake zimenywea. Za kwake figiri zilikuwa zimenawiri, majani mapana kama ya tumbaku. Siku moja nilikwenda kumwomba za kupikia wageni, akaniambia, "Chuma upande huu mkwe wangu. Pale karibu na ukuta zimeungua, yale maji yenu ni ya moto."

"Maji gani, mama?"

Akanionyesha. Nyuma ya kichaka cha mchaichai, ukutani, kulikuwa na kibomba cha kopa kinachoangalia chini. Chini yake majani yalikuwa yamekauka mduara wa sahani. Kuanzia hapo, kwa nusu mita kuzunguka, ndipo figiri zilipokuwa zimeshiba. Ameweka na ndoo. "Jioni mkiwasha moto kinaanza kudondosha," akasema, "halafu kinamimina. Mie nilidhani mmenichimbia chemchemi."

Nilimpigia yule fundi nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota pesa. Akaja, akaangalia, akasema hii ni valvu ya usalama imechoka. Valvu mpya hana. Akatoa plagi ya shaba kwenye begi, akaizungushia tepu, akaikaza mdomoni mwa kile kibomba. Akapiga makofi kutoa vumbi. Tumemaliza, dada.

Naandika haya mkono unanitetemeka kidogo, kwa sababu siku mbili zilizofuata nilimsifia yule kijana kwa kila mtu. Geji haikushuka! Asubuhi ya kwanza ilikuwa mbili kasoro, ya pili hivyohivyo. Jioni, moto ukikolea, mshale ulikuwa unapanda tatu, tatu na nusu, unaingia kwenye rangi nyekundu. Nami kwa akili yangu ya Tanga nikasema afadhali presha ya kutosha kuliko sifuri.

Siku ya tatu alikuja mzee aliyemletea mume wangu kuni. Mzee huyu amekula miaka mingi kwenye boila za viwanda vya chai huko Mufindi, sasa amestaafu, ana shamba la maparachichi na anauza kuni kidogo. Nikamsalimia kwa Kibena changu cha kuokoteza, "Kamwene, baba," akaitikia, kisha akanyamaza ghafla. Alikuwa anaangalia geji. Mshale ulikuwa umepita nne.

"Mwanangu, nani kaziba?"

Hakusubiri jibu. Alifunga mlango wa hewa wa boila, akaagiza ndoo ya mchanga, akaanza kutoa vijinga kwa koleo la kulimia, kimoja kimoja, anavifukia nje. Plagi hakuigusa mpaka mshale uliporudi chini ya mbili, na hata hapo aliifungua taratibu sana, amesimama pembeni, uso ameugeuzia ukutani. Mtu aliyefanya kazi na mvuke hana haraka na kitu kinachosukuma.

Baadaye, tukiwa tunakunywa chai, ndipo alinieleza. Maji yaliyobanwa yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Yanangoja. Chuma kikipasuka, presha inaondoka mara moja, na sehemu ya maji yale inageuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Stoo ile imeshikana na chumba namba moja. Siku hiyo chumba namba moja kilikuwa na mtu na mkewe kutoka Makambako.

Sitalirefusha hilo. Nilikwenda chooni nikakaa kidogo.

Ila valvu ya usalama haikuwa imechoka hata kidogo. Ilikuwa kitu pekee mle stoo kilichokuwa kinafanya kazi yake. Imetengenezwa ifungue ikifika baa tatu (mafundi wanasema baa, si ile ya bia; baa moja ni kama PSI 14 na nusu za kwenye tairi), na kila jioni baa tatu zilikuwa zinafika. Swali lilikuwa kwa nini zinafika.

Mzee alinipa hesabu, nami napenda hesabu. Tulipokuja kumwaga mfumo wote tulipata ndoo tisa za lita ishirini, yaani lita 180. Maji yakitoka nyuzi 15 kwenda 75 yanatanuka kama asilimia mbili na nusu. Fanya mwenyewe: lita nne na nusu. Kila jioni ukiwasha moto, ndani ya mabomba yako kunazaliwa lita nne na nusu za maji ambazo asubuhi hazikuwepo, na maji hayabonyei kama mkate. Lazima yapate pa kukaa.

Mahali hapo kwenye nyumba yetu palikuwa tenki jekundu la duara, kubwa kama mtungi wa gesi wa kati, linaning'inia pembeni ya boila. Nimelifuta vumbi miaka miwili sijui kazi yake. Nilidhani ni akiba. Mzee analiita pafu. Ndani limegawanywa kwa mpira: upande mmoja maji ya mfumo, upande mwingine hewa iliyojazwa kwa pampu. Maji yakitanuka yanausukuma mpira, hewa inabonyea, presha inapanda kidogo tu, kutoka moja na nusu kwenda mbili na kitu. Usiku moto ukizima, hewa inayarudisha maji. Linavuta na kutoa pumzi mara moja kwa siku, na hakuna tone linalopotea. Wenye pampu ya kisima nyumbani huenda wana ndugu yake, lile tenki la presha linaloizuia pampu isiwake na kuzima kila ukifungua bomba.

Chini ya tenki kuna kifuniko cha plastiki. Ukikifungua unakuta valvu ileile ya tairi, ina pini katikati. Mzee akasema bonyeza. Nikabonyeza kwa ukucha. Ikitoka hewa, mpira mzima, pengine umepungukiwa upepo tu. Mimi nilirushiwa maji meusi usoni.

Mpira ulikuwa umepasuka. Tulipolifungua lile tenki ukutani lilikuwa zito, mzee na mume wangu walilishusha wawili. Linatakiwa mtu alinyanyue kwa mkono mmoja, maana nusu yake ni upepo. Letu lilikuwa limejaa maji mpaka kooni.

Sasa rudi kwenye Jumatatu zangu. Jioni moto unawaka, maji yanatanuka, pafu halipo, presha inaruka mpaka tatu, valvu ya usalama inafungua, lita nne na kitu zinakwenda kwa figiri. Usiku yanapoa, yananywea, presha inaanguka. Asubuhi mimi nakuja na koki yangu nazirudisha zilezile lita nne, ili jioni zipate kutoka tena. Nilikuwa naulisha ule ugonjwa kwa mkono wangu nikidhani naunywesha dawa. Na wiki ambazo hatukuwa na wageni hatuwashi, kwa hiyo geji haishuki, kwa hiyo nasema, aa, leo imepona.

Watu wa Njombe hawahitaji kuelezwa sana habari ya kuachia nafasi. Mwenye dumu la ulanzi, ile pombe ya mianzi, hafungi kifuniko akakaza. Ulanzi unachemka wenyewe na dumu linavimba mpaka linapasuka. Pale ni gesi ya chachu, hapa ni joto, sababu mbili tofauti. Lakini yule kijana angeona plagi kwenye dumu la ulanzi angecheka.

Kuna jambo moja mzee alilikasirikia kuliko plagi, nalo ni koki yangu. Maji mapya yana hewa iliyoyeyuka ndani yake. Utaiona kwenye sufuria ya chai: kabla hayajachemka, viputo vidogo vinashika ukingoni. Ndani ya mfumo hewa hiyo inatoka ikipata moto, inapanda juu ya rejeta, na oksijeni yake inakula chuma. Maji ya zamani, yaliyokwisha kuzunguka miezi, oksijeni imeshakwisha, yamekuwa mapole. Ukiyaacha yakae, kutu inakaribia kusimama. Ukiyabadilisha lita nne kwa lita nne kila wiki, unaipelekea kutu chakula mlangoni.

Alinionyesha. Alichukua ufunguo mdogo akafungua kidude cha hewa cha rejeta ya sebuleni, ile ambayo wageni walikuwa wanalalamika juu ni baridi chini ni moto. Ilipumua muda mrefu sana, kisha yakaja maji meusi kama wino. Ile tope nyeusi ni chuma chenyewe, ni rejeta yangu inayojimwaga taratibu. (Alinionya pia nisifanye kazi hiyo na kiberiti au mshumaa karibu, maana kutu ya ndani inaweza kuzaa haidrojeni, na haidrojeni inashika moto.) Rejeta mbili kati ya nane tulizitupa. Nilizipima akilini kwa Jumatatu: kila moja ni Jumatatu kama hamsini.

Nilitaka tununue tenki jekundu jipya tumalize. Lipo, unaagiza Dar. Lingefungwa, lingejazwa upepo kabla halijaunganishwa na maji, maana ukipima kukiwa na presha ya maji upande wa pili unapima maji, hupimi upepo. Nyumba yetu haina ghorofa, rejeta ya juu iko mita tatu tu kutoka kwenye boila, na mita kumi za maji ndizo baa moja, kwa hiyo upepo wa baa moja ungetosha na kuzidi. Pampu ya baiskeli inaweza. Kisha mara moja kwa mwaka unapima tena, kwa sababu upepo hupenya kwenye mpira kidogo kidogo kama kwenye tairi. Hilo la mara moja kwa mwaka huenda lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi za Kijerumani alizoacha mwenye nyumba, ambazo mimi niliwashia moto.

Mzee akakataa. "Mwanangu, boila ya gesi unaizima. Kuni utaziambia nini?"

Hoja yake ilinichukua siku mbili kuielewa. Umeme ukikatika, na sisi wote tunajua, pampu inasimama. Maji hayazunguki. Kuni zilizomo ndani zinaendelea kuwaka saa nzima, joto lote linabaki kwenye boila. Mzungu aliliona hilo. Aliweka koili ya kupozea, yenye valvu inayofunguka yenyewe joto likipita kama nyuzi 95 na kuingiza maji baridi ya bomba. Ni ufundi mzuri, kwa nchi ambayo maji ya bomba yapo saa zote. Kwetu kuna siku umeme na maji vinaondoka pamoja kama mtu na mdogo wake. Hapo unabakiwa na valvu moja ya usalama kati yako na chumba namba moja, na umeshaona valvu inavyozibwa.

Kwa hiyo tumerudi kwenye mtindo wa kale, tenki la wazi. Juu ya dari, pahali pa juu kuliko rejeta zote, tumeweka tenki la lita 50 lenye mfuniko usiobana. Kutoka kwenye boila linapanda bomba nene hadi juu yake, halina koki hata moja njiani, limepinda na kuangalia ndani ya tenki. Maji yakitanuka yanapanda tenkini. Yakichemka mvuke unatoka juu, hakuna wa kuufungia. Kwa urefu huu wa Njombe maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, basi nimezoea kutopita 75.

Nalo lina ujanja wake wa kupoteza maji. Lina boya kama la tenki la choo, na fundi wa kawaida hulipandisha boya mpaka juu, tenki lijae lipendeze. Ukifanya hivyo umerudia kosa lilelile kwa sura nyingine: zile lita nne na nusu za jioni zinakuta hakuna nafasi, zinamwagikia bomba la nje, usiku yakinywea boya linashuka linaleta mapya. Kwetu boya liko chini, maji yakiwa baridi hayafiki hata robo ya tenki. Na mwezi wa kwanza wa tenki hili pampu ilikuwa inasukuma maji mpaka yanachuruzika kwenye lile bomba lililopinda, yanabeba hewa na kurudi nayo kwenye mfumo. Mzee aliijua kwa kugusa tenki tu, likiwa la moto kuliko vuguvugu. Akapunguza mwendo wa pampu.

Ubaya mkubwa wa boya ni ukimya wake. Koki yangu ya Jumatatu angalau ilinifanya nione. Boya linaweza kuongeza maji miaka mitano usijue, mpaka siku rejeta inatoboka. Nikamwambia mzee, basi tufunge mita. Akanitazama, akacheka, lakini alifunga: mita ndogo ya maji, ya zile za nyumbani, kwenye bomba linaloingia tenkini. Sasa Jumatatu sishuki stoo. Napanda ngazi na daftari.

Wiki ya kwanza lita 11, hewa ilikuwa bado inatoka. Halafu 3, 2, 2, 2. Mbili ni mvuke wa tenkini, hizo nimezikubali. Halafu wiki moja ikasoma 9, moyo ukanidunda. Chumba namba nne, nati ya rejeta upande wa chini, ilikuwa na ukoko mweupe kama chumvi ya kisimani. Sakafu kavu kabisa. Maji yalikuwa yanatoka tone dogo, yanakaukia kwenye chuma cha moto kabla hayajaanguka, yanaacha chokaa yake. Karatasi za chooni zisingeona kitu. Robo mzunguko wa spana. Wiki iliyofuata, 2.

Lile tenki jekundu lipo nje ya nyumba ndogo, mama mkwe analikalia akichambua maharage. Jumapili iliyopita nilimkuta amesimama kwenye bustani yake, mikono kiunoni, figiri zimekuwa za manjano, kibomba cha ukutani kikavu.

"Mkwe," akasema, "ile chemchemi mmeipeleka kwa nani?"

Siku hizi namjazia ndoo mbili jioni, kutoka bombani.